Springi Iliyolala Mkononi mwa Baba

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini masikio yako bado ni mabovu kama kawaida, maana yakipona utaanza kupokea simu na mimi nitakosa sababu ya kushika kalamu. Barua hii nimeiweka ndani ya boksi la kichujio cha hewa. Mdogo wangu Kufuli akilifungua asije akaitupa pamoja na makaratasi.

Injini uliyonijengea ni mnyama. Kwenye kona inalivuta gari mpaka Bosi anacheka peke yake pale ukingoni. Lakini kuna kitu. Nikivuka mizunguko elfu sita na nusu kwa dakika inaanza kukohoa. Nguvu inakatika, halafu mlio unakuwa kama wa bisi zikipasuka kwenye sufuria. Nikinyanyua mguu kidogo inatulia, utadhani si yenyewe iliyokuwa ikinitukana. Fundi wa hapa, yule anayevaa glavu nyeupe hata akinywa chai, sote tunamwita Glavu, anasema ni karbureta. Ameifungua, ameifunga, ameifungua tena. Sasa karbureta inang'aa kuliko sahani za Mama, na injini bado inakohoa.

Bosi amerudia ahadi yake mbele ya watu. Tukimaliza msimu tukiwa wa kwanza, injini za magari yake yote zitajengwa kwenye gereji yako. Baba Mdogo aendelee kuota kuwapangisha wauza magodoro, gereji haitafungwa. Ila kwa kikohozi hiki hatufiki popote.

Glavu simsikilizi. Nasubiri neno lako. Mwambie Kufuli aandike herufi kubwa, na asiongeze maneno yake. Ingawa huyo hata ya kuongeza hana.

Mwanao dereva


9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mama amesema nikuandikie hali ya mgonjwa. Mguu wa kulia bado hausikii. Mkono wa kulia hivyo hivyo. Ulimi unatoa sauti moja tu, na sauti hiyo ndiyo ya njaa, ya kiu, ya kukasirika na ya kuniita mimi. Mkono wa kushoto ndio uliobaki na akili zake zote.

Kaka hajui. Anadhani Baba yuko gereji na ovaroli yake, anamfokea kila mtu. Siku ile aliyoanguka pale gereji, penye jiliwa la kubania vyuma, wiki mbili tu baada ya Kaka kuondoka na injini, nilitaka kuandika. Mama akasema, "Ukimwambia ataliacha gari barabarani aje, na gereji itakuwa imekwenda." Nikamuuliza Baba. Akanishika kifundo cha mkono kwa ule wa kushoto akakibana mpaka nikalia. Hiyo ndiyo hapana yake.

Sasa Kaka ameandika. Nimemsomea Baba kwa kelele kwenye sikio lenye nafuu. Nilipofika kwenye bisi alicheka kwa nusu ya mdomo. Halafu akanyanyua mkono wa kushoto, akafumba ngumi haraka, akaifumbua polepole. Akarudia. Nilielewa, Shangazi. Valvu zinachelewa kurudi. Nivumilie kidogo, najua wewe injini unazijua kwa kelele tu. Kamshafti inaisukuma valvu ifunguke, na springi ndiyo inayoirudisha ifunge. Springi ikiwa dhaifu, injini ikikimbia sana valvu inakuwa bado iko hewani wakati inatakiwa iwe imekaa. Kamshafti ile ni mpya, inanyanyua zaidi kuliko ya zamani. Springi ni zile zile za zamani. Baba alikuwa anangoja kuzibadilisha, akaanguka.

Wewe unajua nilivyo. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo, lakini ulimi unakauka mpaka mwingine analisema. Wananiita Kufuli hata shuleni sasa. Kaka alilianzisha jina nyumbani, nadhani limenifuata kwa miguu yake. Lakini kwenye karatasi sina aibu. Nimeandika jibu kama Baba. Mwandiko ni wangu siku zote, yeye husema na mimi huandika, kwa hiyo Kaka hatashtuka. Safari hii hakuna aliyesema.

Niambie kama nimefanya vibaya. Au usiniambie.

Mtoto wa mdogo wako


10 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mwache Glavu aoshe karbureta yake, siku moja atapata harusi ya kuipeleka. Tatizo lako ni springi za valvu. Zimechoka, na kamshafti mpya inazidai kazi ambayo haziwezi.

Toa springi mbili, moja ya upande wa hewa na moja ya ekzosi, unitumie. Kabla ya hapo pima nafasi ambayo kila springi inakaa, kuanzia chini kwenye kiti chake mpaka chini ya kofia yake, valvu ikiwa imefungwa. Valvu zote, moja moja, usipime moja ukazikisia nyingine. Pima pia kamshafti inainyanyua valvu kiasi gani. Andika, nitumie, na usilisukume gari mpaka nikujibu.

Baba
(kwa mkono wa Kufuli)


6 Machi

Mwanangu,

Springi nane ziko ndani ya kopo la maziwa. Usizichanganye. Kila moja nimeifungia na washa yake, pete nyembamba ya kukaa chini yake, na kikaratasi kinachosema ni ya valvu ipi, kwa sababu vipimo vyako vinaonyesha viti havilingani na lazima zote zisukume sawa.

Sikiliza sasa. Ukishafunga, usiwashe. Izungushe injini kwa mkono, taratibu, mpaka valvu ifunguke kufikia mwisho wake. Chuchumaa, washa tochi, tazama springi. Lazima uone mwanga kati ya waya na waya. Mwanga mwembamba unatosha, kama wa mlango usiofungwa vizuri. Usipouona, simama hapo hapo. Springi iliyobanana si springi tena, ni bomba la chuma. Kamshafti haitajua hilo, itaendelea kusukuma, na kitakachovunjika hakitakuuliza.

Watakuja watu kukwambia ugumu ndio ubora. Springi ngumu kupita kiasi inakula kamshafti, inakula nguvu, inapinda pushirodi, zile fimbo zinazonyanyua roka ili roka ibonyeze valvu. Tunataka ile inayotosha.

Baba
(kwa mkono wa Kufuli)


22 Aprili

Baba wewe!

Shikamoo mara tano. Tumeshinda. Tumeshinda tena Jumapili iliyopita. Kikohozi hakuna. Elfu sita na nusu inapita kama haipo, elfu saba inaimba, na mimi nimekaa humo ndani nacheka kama mwehu. Glavu alikuja na tochi yake mwenyewe kuangalia mwanga kati ya waya. Akavua glavu moja, Baba. Moja! Watu walipiga picha.

Bosi ananiuliza, "Huyo mzee wako alisomea wapi?" Nikamwambia mzee wangu hakusomea popote, anaishika springi mkononi anaijua. Nikisukuma mguu mpaka mwisho bila woga, ni kwa sababu nasikia sauti yako nyuma ya kiti. Sijawahi kukwambia hivi uso kwa uso, na kwa masikio yako hayo usingesikia.

Zimebaki mbio tatu. Mwambie Kufuli mwandiko wake umekuwa mzuri. Akimaliza shule anaweza kupata kazi ya kuandikia watu barua.

Mwanao dereva


30 Aprili

We mtoto,

Barua yako ya juzi, pamoja na ya kaka yako uliyoninakilia, niliisoma wodini nikiwa zamu, nikacheka na kulia mpaka mgonjwa wa kitanda cha dirishani akaniuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Mdogo wangu mmoja amelala na mkono mmoja, na binti yake anaendesha gari la mashindano kwa kalamu.

Hukufanya vibaya. Lakini sasa inatosha. Huyo kijana ana haki ya kujua baba yake amelala. Mama yako namheshimu, ila kwa hili amekosea, na mwambie nimesema. Mwandikie wakati huu, akiwa ameshinda. Mtu mwenye furaha hukasirika kidogo, kisha anaona aibu, kisha anakushukuru. Kuhusu kazi ya kuandikia watu barua, mwambie nitampiga.

Shangazi yako


8 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua hii ni ya kwangu. Kaa kwanza.

Baba alianguka katikati ya Januari. Upande wa kulia haufanyi kazi na hasemi. Hajaingia gereji tangu hapo. Mimi na Mama tulikuficha, na yeye mwenyewe alitaka ufichwe, lakini sitaki kumsukumia. Mimi ndiye niliyeandika.

Barua zile ni zangu. Nataka ujue zilivyofanyika, ili usidhani nilikuwa nacheza. Vitabu vya springi vimeandikwa kwa lugha ya shule. Nilivisoma, nikamwambia Baba kwa lugha ya nyumbani, jioni baada ya jioni, nikipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama tunagombana. Mimi, nikipiga kelele! Niliagiza springi za aina nne. Nikachukua mizani ya bafuni ya Mama nikaiweka chini ya ile mashine ya kutobolea, nikawa naikandamiza springi mpaka kipimo ulichoniandikia, nasoma kilo, halafu naikandamiza tena mpaka pale valvu inapofunguka mwisho, nasoma tena. Ngumu kuliko zote zilibanana kabla ya kufika. Nyingine zilikuwa dhaifu karibu kama zile zako za zamani. Zikabaki aina mbili, na hapo nilikwama.

Nikampelekea Baba moja moja kwenye ule mkono wa kushoto. Ya kwanza aliibana akaiachia ikaanguka. Mama akaiokota, akasema mkono umechoka. Nikampa tena, akaiachia tena. Ya pili aliibana, akaifumbua, akaibana, akafumba macho. Sikuweza kuitoa. Alilala nayo. Ndiyo niliyoichagua. Kopo lilikuwa na saba, na ya nane niliitoa mkononi mwake akiwa usingizini ili nikutumie.

Kwa hiyo vipimo ni vyangu na mkono ni wake. Sauti unayoisikia nyuma ya kiti, sijui uiite ya nani. Njoo umwone. Naomba usinichukie.

Kufuli


19 Mei

Mdogo wangu,

Sijui hata nianzie wapi. Miezi minne. Mmenificha baba yangu miezi minne, mkaniacha nimwandikie vichekesho mtu ambaye hawezi kushika kikombe. Barua niliyomwandikia Aprili, ile ya mwisho, uliisoma wewe kwanza. Yale maneno hayakuwa yako.

Na gari. Unaelewa ulichofanya? Nimekuwa nikipeleka mizunguko elfu saba, ukuta wa zege pembeni yangu, kwa akili ya mtoto wa kidato cha tatu na mizani ya bafuni. Usiniambie ya mkono. Mgonjwa wa kiharusi anashika kitu halafu hakiachii, ni mishipa tu, Glavu naye anasema mjomba wake alikuwa hivyo hivyo. Ndiyo, nilimwambia. Nilikuwa na hasira, nikasema mbele ya kila mtu. Wamecheka mpaka wakakaa chini. Amerudisha ile glavu yake.

Jumamosi kwenye mazoezi nilifika pale pale, elfu saba, injini inaimba vizuri tu, na badala ya Baba nikakusikia wewe. Mguu ukaondoka wenyewe kwenye mafuta. Mara ya pili hivyo hivyo. Nimekuwa wa mwisho kwenye mazoezi, na gari ni zima.

Glavu ana springi nyingine, nene, ngumu kweli kweli, mpaka unahitaji watu wawili kuzifunga. Za kwenu nimezirudisha kwenye kopo. Nitakuja nyumbani msimu ukiisha.

Kaka yako


23 Mei

Kaka,

Nitukane unavyotaka, lakini usifunge springi hizo. Nakuomba. Uliniandikia mwenyewe kamshafti inanyanyua kiasi gani. Springi yenye waya mnene inabanana haraka. Mwambie Glavu azungushe kwa mkono mkaangalie mwanga, kabla hamjawasha. Ni kazi ya dakika chache. Kama mwanga upo, funga, nami nitanyamaza maisha yangu yote, kazi hiyo naijua.

Hukuwa ukiniamini mimi, sawa. Lakini ulishinda. Injini haikujua ni nani aliyeandika.

Kufuli


27 Mei

Kaka,

Nimetuma nyingine jana kwa basi la asubuhi kwa sababu sijui kama ile imefika. Hii ni ya tatu. Angalia mwanga tu.

Kufuli


14 Juni

Mdogo wangu,

Injini inakuja nyumbani kwenye kreti, na gari la mizigo la Ijumaa. Utaona mwenyewe. Ilikuwa mzunguko wa nne, nilikuwa mbele. Mbele, Kufuli, na mguu mpaka mwisho, sikuogopa hata kidogo. Kwanza pushirodi, mbili zikapinda. Halafu roka moja ikakatika, halafu valvu ikaangukia pistoni, na baada ya hapo hakukuwa na la kusikiliza. Mimi sijaumia.

Barua zako zilifika. Zilikuwa juu ya meza. Sikuzifungua kabla ya mbio kwa sababu nilijua zitasema nini, na nilihitaji kuendesha.

Sasa nisikilize. Glavu amemwambia Bosi kwamba springi zilizovunja injini zilitoka kwa mzee. Kopo amelificha au amelitupa, mimi sikubisha. Bosi hajui kuhusu ugonjwa. Wale waliocheka ni mafundi, hawamsemeshi. Nikibisha sasa, Glavu anabaki na mimi naondoka. Gereji ndiyo basi tena, hilo limeshapita, hakuna la kuokoa. Lakini kiti changu bado. Mwandikie Bosi barua moja, kwa jina la Baba kama ulivyozoea. Aseme alikosea kuchagua, ni uzee, dereva hana hatia. Baba hatajua. Haimdhuru mtu ambaye hasemi. Wewe ulianza kuandika kwa jina lake, mimi nakuomba mara moja tu.

Usimwambie kuhusu injini.

Kaka yako


25 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Kreti ilipita mbele ya dirisha la Baba. Hakuna njia nyingine ya kuingilia gereji, ulikulia hapa, ulipaswa kukumbuka. Watu wanne waliisukuma, na yeye amekaa kwenye mto anatazama. Aliijua kabla hawajaifungua.

Niliifungua mwenyewe. Baba Mdogo alikuwa ndani anapima ukuta kwa futi kamba, anawaonyesha wenye magodoro watapanga wapi yale makubwa. Akaniambia, "Mama, fanya haraka, wanataka kupaka rangi." Kwa hiyo nilifanya haraka. Springi za Glavu nimezitoa zote. Kila waya umesuguana na mwenzake mpaka umeng'aa, juu mpaka chini. Kulikuwa hakuna mwanga hata kidogo. Hata mtoto wa kidato cha tatu angeona.

Jioni Baba alianza kupiga kitanda kwa mkono wake. Alitaka springi. Nilijaribu kumpa maji, akamwaga. Nikampa moja ya zile.

Mishipa, ulisema. Basi nikwambie mishipa ilifanya nini. Aliipima unene kwa kidole gumba. Aliibana, ikakataa kubonyea. Akapitisha ukucha pale palipong'aa, polepole, akarudia. Kisha akafumbua mkono. Ikagonga sakafu, ikabingirika chini ya kitanda.

Halafu akanitazama. Aliichagua nyingine, Kaka, alilala nayo. Na kutoka kwenye mkono wake mpaka kwenye injini yake anajua umepita mkono mmoja tu, wangu. Alinitazama mpaka nikakosa pa kuweka macho. Nilikuwa na jibu. Sikio lake lilikuwa karibu kabisa na mdomo wangu, na kupiga kelele nimeshajifunza. Nilifungua mdomo, nikaona jina lako linakuja, nikaufunga. Akageukia ukutani. Mpaka leo nikiingia na uji anafumba macho, anakula kwa Mama.

Barua ya Bosi siandiki. Jina la Baba nililitumia kuwasha gari lako, silitumii kumwambia mtu kwamba mikono yake ilikosea. Ulitaka mtu wa kubeba lawama, na humu ndani umeshampata. Huko kwako tafuta mwingine.

Ukija, njoo kama mgeni, mwamkie, mwambie gari lilikuwa zuri. La springi mwache hivyo hivyo. Akijua ni wewe, hana mtoto mwingine wa kugeukia.

Kopo tafuta kwenye takataka za Glavu kama ni lazima. Saba kaa nazo. Ile ya valvu ya nane irudishe, si ya gari. Usiku, ule mkono wake unatembea juu ya shuka, unaitafuta.

Kufuli